Rege Katikati ya Almasi

Niseme mapema tusipotezeane muda: kopi ya Elton John ya "Lucy in the Sky with Diamonds" ni kopi nzuri iliyoharibiwa na mikono ile ile iliyoitengeneza. Sehemu ninayoizungumzia mnaijua. Wimbo umeshapaa, kiitikio kimeshatuingia, mara mdundo unavunjwa na gitaa linaanza kukwanyua rege. Nusu karne imepita, na bado nikifika hapo meno yananiingia ganzi.

Beatles walipourekodi London, Machi 1967, waliujenga juu ya ujanja mmoja. Ubeti unabembea kwa mapigo matatu, kinanda cha Lowrey cha Paul McCartney kikidondosha noti moja moja. Ufunguo unahama, unahama tena. Kisha Ringo Starr anagonga ngoma mara tatu, na kiitikio kinaingia kwa mapigo manne. Basi. Sakafu imebadilishwa ukiwa umesimama juu yake. Watu wakizungumzia roki ya saikedelia hutaja tambura, sauti zilizochezewa kasi ya kanda, na vitu vilivyokuwa vikimezwa siku zile. Mimi nasema kizunguzungu chote cha wimbo huu kimo kwenye ile kona ya tatu kwenda nne. Ngoma tatu za Ringo ni mlango, na nyumba hii ina mlango mmoja tu.

Elton alilijua hilo. Mwaka 1974, katika studio ya Caribou Ranch huko milimani Colorado, aliuacha ubeti katika mwendo wake na kona akaikata vizuri. Dee Murray kwenye besi na Nigel Olsson kwenye ngoma hawana doa. Tuendelee.

Kosa ni kutoboa mlango wa pili. Rege inapokivamia kiitikio, gitaa linahamia kwenye nusu ya pigo na masikio yanalazimika kuhesabu upya. Lakini yalishahesabu upya, pale kwa Ringo! Badiliko lile lilikuwa na kazi: lilitutoa kwenye ndoto ya ubeti likatutupa mahali pa kuliita jina la binti kwa sauti kubwa. Hili la pili halitupeleki popote. Tulikuwa kwenye kiitikio, tumebaki kwenye kiitikio, ila tumevalishwa kofia ya ufukweni. Baya zaidi, linalimeza lile la kwanza. Roki ikirudi, kona haishtui tena, kwa kuwa tumeshazoeshwa kwamba humu ndani lolote linaweza kugeuka wakati wowote. Wimbo wa dakika 3 na nusu umevutwa hadi karibu 6, na sehemu ya muda huo imekwenda kulipia mzaha.

Najua mtakachosema: John Lennon mwenyewe, aliyeutunga wimbo, alikuwemo. Ndiyo, gitaa hilo la rege ni lake, akaandikwa kwa jina la Dr. Winston O'Boogie. Mwenye nyumba naye huweza kutoboa ukuta usiostahili kutobolewa. Mtasema tena kwamba ulishika namba 1 Marekani, Januari 1975. Safu hii haijawahi kuhesabu mauzo, na haitaanza leo.

Sina ugomvi na rege. Easy Star All-Stars waliigeuza albamu nzima ya Sgt. Pepper ya Beatles, ile yenye wimbo huu, kuwa rege mwaka 2009, nami naisikiliza kwa raha, kwa sababu waliamua tangu wimbo wa kwanza. Na Joe Cocker, ambaye nitamtaja mpaka mhariri achoke: mwaka 1968 aliuchukua "With a Little Help from My Friends", wimbo aliouimba Ringo katika albamu hiyo hiyo, akauvunja mwendo wake wa matembezi, akauyumbisha polepole mwanzo hadi mwisho. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Hendrix je? Tarehe 4 Juni 1967, siku chache tu baada ya albamu kutoka, alifungua onyesho lake pale Saville Theatre kwa wimbo unaobeba jina la albamu hiyo, McCartney na George Harrison wakiwa wamekaa ukumbini. Wapiga pembe wanne wa kwenye rekodi hakuwa nao. Alikuwa na gitaa, besi, ngoma, na uamuzi mmoja.

Ugonjwa wenyewe tunao hata hapa kwetu. Wasomaji wa zamani wameshanizoea kwa hili: bendi za kopi za hotelini zikiishiwa mawazo katikati ya wimbo, hukimbilia rege, na watalii wakapiga makofi. Jioni moja nilimfuata mpiga gitaa wakati wa mapumziko, kijana mwenye vidole vyepesi kweli kweli, nikamuuliza kisa cha kuukata wimbo vile.

"Shikamoo mzee," akasema. "Kwani Elton si alifanya hivyo hivyo?"

Nikaitikia marahaba, nikarudi mezani kwangu.