Sinema za Wezi na Sinema za Serikali

Msimu wa korosho uliopita tulihudhuria baraza moja huku Lulindi, na shauri lililoletwa mbele ya wazee lilikuwa hili: kibanda cha video kifungwe, ama kiachwe? Wazazi wengi walitaka kifungwe, kwa kuwa vijana hutazama humo sinema za wezi na bunduki, nao watajifunza wizi. Mzee mmoja akaongeza kusema, "Zamani sinema ilikuwa na mafundisho. Gari la Serikali lilikuja, kitambaa cheupe kikatundikwa, nasi tukafundishwa." Sisi tulio walimu tukaulizwa maoni yetu, wala siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumezipima sinema za namna zote mbili, na leo twapenda kujibu.

Kwanza yafaa tukumbuke sinema za zamani zilisema nini. Tangu mwaka 1935 hata 1937 sinema za mafundisho zilitengenezwa kule Vugiri, katika milima ya Usambara, zikachukuliwa kwa gari na kuonyeshwa mahali pengi katika Afrika Mashariki. Moja yao ilihusu Benki ya Posta. Mtu mmoja aweka mshahara wake benki. Mwenziwe aufukia ardhini, na mwizi aliyekuwa akimchungulia aja kuufukua. Mafundisho hayo ni mema, hatuyakatai. Lakini mtu wa kijiji kilicho mbali na posta angeweza kuuliza: na mimi je, zangu nizipeleke wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatokea sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Ni habari ya mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam, na wajanja wa mjini wakamdanganya. Mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana wa Songea, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapa tusimame kidogo. Watazamaji walionyeshwa mshamba asiyejua dunia, kumbe aliyemwigiza alikuwa na akili ya kuongoza nchi! Basi yule mshamba wa kwenye kitambaa alikuwa mshamba kwa kuwa mwenye kuitunga sinema alimtaka awe hivyo.

Baada ya Uhuru wenye sinema walibadilika. Katika miaka ya 1970, wakati wa Ujamaa, ikatoka Fimbo ya Mnyonge. Nayo yamwonyesha mtu aliyeenda Dar es Salaam kutafuta maisha asiyapate, mwisho akatambua faida ya kijiji cha ujamaa. Serikali ya kwanza ilikuwa ya wageni, ya pili ilikuwa yetu wenyewe, na shabaha zao zilikuwa mbalimbali. Lakini juu ya jambo hili maneno yao yalikaribiana sana: ewe mtu wa shamba, mji si wako, kaa kwenu. Na aliyeibiwa mjini, kosa ni lake, kwa nini alikwenda?

Sasa tuitazame sinema ya wezi. Tumechagua Nairobi Half Life, iliyotengenezwa Kenya mwaka 2012 na David "Tosh" Gitonga. Mwas ni kijana wa kijijini atakaye kuwa mwigizaji. Afika Nairobi, na mara aibiwa vitu vyake; kisha ajikuta mahabusu pamoja na wahalifu. Humo apata rafiki, na rafiki huyo amwingiza katika kundi la wezi. Waanza kwa vipuri vya magari, baadaye waiba magari yenyewe. Mwas agawanyika nusu mbili: huku ni mwizi, huku ni mwigizaji katika ukumbi wa michezo. Na polisi waliopaswa kuwakamata wezi wala nao sahani moja.

Mwanzo wake ni ule ule wa Muhogo Mchungu, mtu wa shamba kuonewa mjini. Lakini sinema hii haiishii kumwambia Mwas kwamba ni mjinga. Yaendelea kuuliza: nani amlishaye mwizi? Nani anunuaye vipuri vile? Swali hilo hatukulisikia katika sinema za mafundisho, nasi twaona ni fundisho kubwa.

Hata hivyo ina kasoro, nayo si ndogo. Twawajua wezi kwa majina, twawaonea huruma wakifa. Lakini mwenye gari lililoibiwa apita upesi kama kivuli. Hatujui ana watoto wangapi, wala kesho yake ataendaje kazini. Ndiyo maana kibandani vijana hushangilia. Jicho lafuata pale lilipoelekezwa.

Lakini jioni tulipoitazama sinema hiyo, Mwas alipoibiwa watu walicheka, ila mmoja hakucheka. Ni jirani yetu, ambaye miaka miwili nyuma alitumwa na baba yake mjini na fedha za korosho, akarudi mikono mitupu, akasema ameziangusha njiani. Baba hakusadiki, na tangu siku ile hawakula pamoja. Usiku ule kijana alitufuata nyumbani, akatueleza jinsi wajanja wawili walivyomzunguka kituoni, na jinsi alivyoona haya kusema, kwa kuwa tangu utotoni amesikia kwamba aibiwaye mjini ni mjinga. Asubuhi tulikwenda naye kwa baba yake. Mzee alisikiliza hata mwisho, kisha akaagiza ugali uletwe, wakala.

Basi jibu letu kwa baraza ni hili: kibanda kisifungwe, ila watoto wadogo wasiingie usiku. Na sisi wakubwa tuingie pamoja na vijana, na baada ya sinema tuwaulize maneno matatu: Ni nani aliyepotewa? Ni nani aliyefaidika? Na mwenye sinema alitaka tumcheke nani? Maneno hayo hayo tuyatumie kwa sinema ya Serikali pia.