Kiapo kilivyoteleza Washington: uchambuzi wa 20 Januari 2009

Barack Obama alikuwa rais wa Marekani kwa takriban dakika tano kabla hajaapa. Marekebisho ya 20 ya Katiba ya nchi hiyo yanasema muhula mpya unaanza saa sita kamili mchana, tarehe 20 Januari. Saa sita hiyo ilipita mwaka 2009 huku Yo-Yo Ma, Itzhak Perlman na wenzao wawili wakiwa bado wanapiga muziki mbele ya jengo la Capitol. Ratiba ilikuwa imechelewa, na kuchelewa huko hakukumdhuru mtu. Makosa mawili makubwa ya siku hiyo yalitokea kwingine: moja mdomoni mwa Jaji Mkuu, jingine ndani ya handaki la barabara lililo chini ya uwanja wa sherehe. Yanatajwa kana kwamba hayahusiani. Mimi nayaona ni kosa moja: ofisi iliyoandaa jambo ililikabidhi kwa ofisi nyingine, na hakuna aliyehakikisha kwamba limefika kwa mhusika.

Kiapo chenyewe ni kifupi, maneno 35 tu ya Kiingereza yaliyoandikwa ndani ya Katiba. Jaji Mkuu hutamka kipande, rais akafuatisha, kama kadhi anavyomtamkisha bwana harusi. Utaratibu huu unataka wote wawili wajue kila kipande kinaishia wapi. Mmoja akikata mahali ambapo mwenzake hakutarajia, sauti zinagongana, na zikigongana, anayeongoza hupoteza mfuatano.

Ofisi ya Jaji Mkuu John Roberts ililiona hilo mapema. Iliandaa karatasi iliyokigawa kiapo vipande vipande, ikaituma kwa barua pepe kwa kamati ya Kongresi inayosimamia sherehe za kuapisha. Mwandishi Jeffrey Toobin, aliyefuatilia kisa hiki kwa kina, ameeleza kwamba karatasi hiyo haikumfikia Obama wala wasaidizi wake. Roberts akapanda jukwaani akiamini mwenzake anajua mgawanyo. Obama akapanda na mgawanyo wake kichwani. Na Roberts, ambaye ndiyo kwanza anamwapisha rais, hakushika karatasi yoyote, kwa kuwa alikuwa amekariri.

Sikiliza tena rekodi utaona jinsi jambo lilivyoharibika hatua kwa hatua. Roberts alikusudia kipande cha kwanza kibebe jina lote la rais pamoja na tamko la kuapa. Alipofika kwenye jina, Obama akadhani kipande kimekwisha, akaanza kufuatisha. Sauti zikapandana. Roberts akaendelea, lakini utulivu ulishamtoka, na katika kipande cha pili alilitoa mahali pake neno linaloahidi uaminifu, akalipeleka mwisho wa sentensi. Obama alitambua. Alianza kufuatisha, akanyamaza katikati, akamtazama Jaji Mkuu ili ampe nafasi ya kusahihisha. Roberts akajaribu kurekebisha, sentensi ikazidi kuvurugika, na Obama akaamua kuimaliza kwa ule mpangilio wa kwanza usio sahihi. Sehemu iliyobaki ilikwenda vizuri.

Wengi siku hiyo walicheka kwamba Jaji Mkuu amesahau. Siamini kwamba kumbukumbu ndiyo iliyomwangusha. Aliyekariri huhitaji mwendo usiokatizwa, na mwendo wake ulikatizwa kwenye jina, kabla hata hajalifikia neno alilolikosea. Kosa lililosikika lilikuwa la pili. La kwanza lilifanyika siku kadhaa nyuma, barua pepe ilipoishia mikononi mwa watu ambao hawakuipeleka mbele.

Kesho yake jioni, Roberts alikwenda Ikulu ya Marekani na joho lake, na ndani ya chumba kinachoitwa Map Room alimwapisha Obama upya, taratibu, bila Biblia, mbele ya wasaidizi na waandishi wachache. Mwanasheria wa Ikulu, Greg Craig, alisema kiapo cha kwanza kilikuwa halali na cha pili ni tahadhari tu. Walikuwa na sababu ya kutahadhari, maana Katiba inataja maneno yenyewe, na rais hupaswa kuyatamka kabla ya kuanza kutekeleza madaraka. Nawaunga mkono. Shaka juu ya kiapo ikiachwa ikalala, huamka siku mtu atakapotafuta kisingizio cha kukataa amri halali. Mwaka 1929 Jaji Mkuu William Howard Taft naye alibadilisha neno moja alipomwapisha Herbert Hoover. Mwanafunzi wa kike aliyekuwa akisikiliza redioni ndiye aliyeling'amua. Hoover hakurudia.

Afrika Mashariki tunalo la kuwaonyesha. Samia Suluhu Hassan alipoapa tarehe 19 Machi 2021, Ikulu, Dar es Salaam, alishika Msahafu mkono mmoja na kukisoma kiapo mwenyewe kutoka kwenye maandishi. Kenya nayo, Katiba ya 2010 inamtaka rais aape na kutia saini. Anayesoma mwenyewe hana wa kupishana naye, na saini hubaki kama ushahidi hata ulimi ukiteleza. Utaratibu wa kutamkishwa una uzuri wake, sikatai, lakini unaning'iniza neno la kikatiba kwenye pumzi za watu wawili wenye wahaka mbele ya watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.8.

Na hapa ndipo ninapokerwa zaidi. Kati ya umati huo, watu wapatao 240,000 walikuwa na tiketi zilizogawanywa na Kongresi, kila eneo na rangi yake. Wenye tiketi za zambarau walipaswa kusimama upande wa kaskazini wa viwanja vya Capitol. Maelfu yao walijikuta ndani ya handaki la Third Street, lililofungwa kwa magari siku hiyo, wakiwa kwenye foleni waliyoipanga wenyewe, bila askari wa kutosha wa kuwaelekeza. Walisimama saa nyingi katika baridi chini ya nyuzi sifuri. Tiketi zilikuwa halali. Aliyezitoa alifanya kazi yake, na aliyelinda lango alifanya ya kwake. Njia kutoka kwenye handaki hadi langoni haikuwa na mwenyewe. Wengi walikuwa bado nje Obama alipokuwa anaapa.

Muziki ndio uliopona, na si kwa bahati. Ma na wenzake walijua baridi ingeharibu sauti ya vyombo, wakarekodi kibao chao siku mbili kabla, kisha wakapiga pamoja na rekodi hiyo. Baadhi ya watu waliita ule udanganyifu. Mimi nauheshimu: mpigaji, fundi mitambo na waandaaji waliketi pamoja wakakubaliana nini kifanyike endapo hali ya hewa itawakatalia.

Mwaka 2013 Roberts alimwapisha tena Obama akiwa na karatasi mkononi, na handaki likafungwa kwa watembea kwa miguu. Seneta Dianne Feinstein, mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya 2009, alikuwa ameagiza uchunguzi, na waliofungiwa nje walipewa picha na nakala za ratiba kama kumbukumbu. Kiapo kilirekebishwa ndani ya saa 36 kwa sababu walikuwepo wanasheria waliokipigania. Watu wa handakini walisafiri kutoka majimbo ya mbali, wengine wakiwa na wazazi wazee waliokulia enzi za ubaguzi, na kamati haikuwa na namna ya kuwarudishia saa sita ile.