Kiluwiluwi wa Nani? Maoni Juu ya Mswada wa Istilahi za Vyura

Tumeusoma mswada wa mwongozo wa kuwatambua vyura wa madimbwi, uliofasiriwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi na kuletwa kwetu ili tuzikague istilahi zake. Kiswahili chake ni safi, na mfasiri hakukimbilia kubuni pale ambapo lugha ina neno lake. Ngozi iunganishayo vidole vya nyuma ameiita "utando". Mfuko uvimbao kooni mwa dume aliapo ameuita "kifuko cha sauti". Hapo hatuna la kuongeza.

Taabu yetu imo katika sura ya pili. Mwanafunzi anaagizwa achote maji ya dimbwi, ahesabu "viluwiluwi" waliomo, kisha awatunze katika kopo mpaka waote miguu. Neno hili ni letu na ni la siku nyingi, lakini lina wenyewe wawili: mtoto wa chura na mtoto wa mbu. Wote huishi katika maji yaliyotuama, na pengine hupatikana katika choto moja. Mzoefu hawachanganyi, maana wa chura ana kiwiliwili kinene na mkia bapa, na wa mbu ni mwembamba, hujinyonganyonga akienda. Mswada hausemi lolote kati ya hayo. Mtoto mtiifu ataweza kabisa kumfugia mama yake mbu chumbani! Tena matangazo ya afya huwahimiza wananchi kuangamiza viluwiluwi. Mwalimu aliyesoma karatasi zote mbili afuate ipi?

Wako wenzetu wapendao neno "lava" litwaliwe kwa wadudu, ili "kiluwiluwi" abakie wa chura peke yake. Katika kitabu cha sekondari yafaa. Kwa bwana afya wa kijijini haifai, kwa kuwa wananchi wamekwisha kuzoea kusema viluwiluwi vya mbu, na waraka hauwezi kuwanyang'anya. Twashauri mswada uandike "kiluwiluwi wa chura" kila mahali, bila kuona haya ya kurudia, na picha za wote wawili ziwekwe ubavuni.

Hatukubaliani pia na "chura-nchikavu". Kiingereza kina majina mawili, nasi tunalo moja. Hilo si pengo la kuzibwa kwa lazima. Chura huyo mwenye ngozi ya vipele na tezi kubwa nyuma ya macho huingia majini masika kuzaliana, akataga mayai katika nyuzi ndefu. Mwanafunzi atakayemwona dimbwini atamfuta katika orodha yake kwa sababu ya jina tu. "Chura wa vipele" humsaidia zaidi, maana vipele vyaonekana.

Mwisho, fasili isemayo kwamba kila chura hupitia hali ya kiluwiluwi si ya kweli hapa kwetu. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, huzaa vyura wadogo waliokamilika. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na waliotunzwa Marekani wakaanza kurudishwa bondeni mwaka 2012. Neno "kila" libadilishwe liwe "wengi wa", ndipo mswada upelekwe kwa mpiga chapa.