Kicheko na Nguo za Mtaani katika Picha za New Kids on the Block

Katika picha za New Kids on the Block, kundi la vijana waimbaji lililoanzishwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1984, mna vicheko viwili, na yafaa tuvitenge. Cha kwanza ni cha vijana wenyewe, wakunjao uso kigomvi kisha wakaangua kicheko. Cha pili ni chetu tutazamao leo, tunaocheka jinzi zilizochanika, makoti mapana, raba nene na kofia zilizogeuzwa kisogoni.

Kicheko hiki cha pili chatupoteza. Twadhani twaucheka ujana wa zamani, nasi twasahau kuuliza: mtaa unaovaliwa hapa ni wa nani?

Maurice Starr, aliyewakusanya, alikuwa amekwisha kulivumisha kundi la New Edition, vijana watano Weusi wa Roxbury, ambao wimbo wao "Candy Girl" ulitoka mwaka 1983. Alipoachana nao akatafuta vijana watano Wazungu, wengi wao wa Dorchester, mtaa wa jirani. Albamu yao Hangin' Tough ya mwaka 1988 ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1989. Jina la albamu ladai ukakamavu. Mzaha wa picha waupunguza makali, ili mzazi asihofu kuuona ukutani kwa bintiye. Kijana Mweusi aliyevaa nguo zizo hizo katika mji uo huo hakupewa wepesi huo wa kuchekewa.

Hata hivyo, haki haituruhusu kuwaita wezi. Mwaka 1974 mahakama iliamuru shule za Boston zichanganye watoto wa rangi zote kwa kuwasafirisha kwa mabasi, na baadhi ya vijana hawa walisoma Roxbury. Mavazi na miondoko hiyo waliipata kama mtoto apatavyo lugha ya jirani: kwa kuishi nayo. Lawama yaiangukia picha, si wao. Picha haina lafudhi ya kumfichua mgeni, wala haimtaji aliyemfundisha.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa methali imepinduka: nguo imemsitiri vema aliyeiazima, ikamwacha mwenyewe nje ya picha. Basi na tucheke, kwani vijana wale walitaka tucheke. Lakini mhakiki hajamaliza kazi yake mpaka amtaje mwenye nguo.