Sauti na Nyimbo za Kurithi: Uhakiki wa Santuri "Soulful" ya Ruben Studdard

Ruben Studdard, mwimbaji wa Birmingham, Alabama, alishinda shindano la televisheni la American Idol nchini Marekani mnamo Mei 2003. Santuri yake ya kwanza, Soulful, ilitolewa Desemba mwaka huohuo, ikashika mara moja nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard. Hata hivyo, soko si kipimo cha sanaa. Swali la kimsingi ni hili: msanii aliyechaguliwa kwa kuimba nyimbo za wengine ana lipi lililo lake?

Jibu lapatikana pasipotarajiwa. Katika nyimbo mpya alizotungiwa, sauti yake nene, iliyolelewa kanisani, haipati nafasi ya kutosha. Katika "Sorry 2004" mwanamume anaomba radhi ya mwaka mzima kwa wimbo mmoja. Maudhui ni mepesi, na sauti inalazimishwa kuyapa uzito yasiokuwa nao. Lakini katika "Superstar", wimbo uliorekodiwa na Carpenters mwaka 1971 na Luther Vandross mwaka 1983, Studdard haharakishi. Kila neno analipa haki yake, na upweke wa mpenzi aliyeachwa unahisika upya.

Mtaalamu wa fasihi simulizi hatalistaajabia jambo hili. Fanani hapimwi kwa kuwa wa kwanza kuutamka utungo, bali kwa namna anavyouhuisha mbele ya hadhira. Kwa hiyo dosari ya santuri hii haitokani na nyimbo za kurithi. Inatokana na uchache wake.