Askofu Romero na Wenye Magazeti

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Askofu Mkuu Oscar Romero wa San Salvador aliandamwa na magazeti ya nchi yake kwa miaka 3 kabla ya kupigwa risasi, na haki yake hakupewa. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018, kwa hiyo msomaji aweza kuuliza kuna haja gani ya kumtetea leo. Haja ipo, kwa kuwa shtaka alilotupiwa halijafa. Hata kwetu, kiongozi wa dini akigusa dhuluma huambiwa mara moja: usichanganye dini na siasa.

Tulipime shtaka hilo mahali lilipotolewa. El Salvador ya miaka ya 1970 ilitawaliwa na wanajeshi, na ardhi yake nzuri ilikuwa mikononi mwa familia chache. Magazeti makubwa, El Diario de Hoy na La Prensa Gráfica, nayo yalikuwa mali ya familia tajiri. Romero aliposimikwa tarehe 22 Februari 1977, wakubwa walifurahi, kwani walimjua kuwa mtu mpole wa vitabu na sala. Tena mwaka 1973, alipokuwa mhariri wa Orientación, gazeti la jimbo, alishutumu shule moja ya Wayesuiti kwamba inafundisha siasa za Kimarx. Magazeti makubwa yalichapa upya maneno yake kwa furaha. Kulaumu shule kwa sababu hiyo nako ni kusema siasa, lakini siku ile hakuna mwenye gazeti aliyemwambia arudi altareni.

Mambo yaligeuka tarehe 12 Machi 1977. Padre Rutilio Grande, rafiki yake Romero, aliuawa kwa risasi njiani karibu na Aguilares, pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja. Romero aliamuru Jumapili ya tarehe 20 iwe na Misa moja tu katika jimbo zima. Akasema pia kuwa hatahudhuria sherehe za serikali mpaka mauaji yale yachunguzwe. Tangu hapo yule mpole akawa mchochezi. Magazeti yalijaa matangazo ya kulipia ya kumtukana, yakiwa na sahihi za vyama ambavyo vingine havikujulikana vilipo. Gazeti moja lilifika hata kupendekeza atolewe pepo. Kweli, akutukanaye hakuchagulii tusi.

Sisemi kwamba askofu asiguswe na mwandishi. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe la Marekani lilifichua jinsi mapadre waliowadhulumu watoto walivyohamishwa parokia hata parokia na wakubwa wao wakijua. Kazi ile ililiuma Kanisa, na ilikuwa haki. Lakini tazama namna ilivyofanywa: nyaraka zilitafutwa, waliodhulumiwa wakasikilizwa, majina na tarehe vikatajwa. Wale wa San Salvador walifanya nini? Walimwambia msomaji kuwa askofu ni mkomunisti, wakamnyima habari ya kile alichokuwa akikisema.

Na alikuwa akisema nini? Kila Jumapili, baada ya kufafanua Injili, Romero alisoma habari za juma: nani ameuawa, nani amekamatwa, wapi na lini. Akina mama waliotafuta watoto wao walikwenda katika ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo, habari zao zikaandikwa na kuchunguzwa. Redio ya jimbo, YSAX, ikayapeleka mahubiri mpaka vijijini, na kwa ajili hiyo ililipuliwa kwa mabomu. Nionavyo mimi, hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Askofu alikuwa anafanya kazi ambayo magazeti yalikuwa yameiacha, kisha magazeti yakamhukumu kwamba ameiacha kazi ya askofu.

Wala hakuwa mtu wa chama. Aliwalaumu wapiganaji wa msituni kwa kuteka nyara watu na kuwaua. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1979 alishauri serikali mpya ipimwe kwa vitendo vyake, na wa mrengo wa kushoto wakamkasirikia. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Habari za namna hiyo hazikumfaa mhariri aliyekwisha kuamua kwamba askofu ni wa upande fulani.

Tarehe 23 Machi 1980 aliwasihi askari wasitii amri ya kuua, kwani sheria ya Mungu iko juu ya amri hiyo. Kesho yake jioni akapigwa risasi akiadhimisha Misa katika kanisa dogo la hospitali ya wagonjwa wa saratani. Mwaka 1993 tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilisema kuwa amri ya kumwua ilitolewa na Roberto D'Aubuisson, ofisa wa zamani wa jeshi.

Kalamu haikufyatua ile risasi, na tusiisingizie. Lakini kwa miaka 3 iliwazoeza wasomaji kumwona askofu wao kuwa adui wa taifa, hata wengine waliposikia ameuawa walishangilia. Basi, ndugu msomaji, ukikuta gazeti linamkaripia askofu, au shehe, au mchungaji, tafuta kwanza kama limekueleza alichosema. Kama halikukueleza, usimhukumu bado.