Walivyorusha Rajab Ali na Martin Suji

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilimaliza zamu yake ya kupiga ikiwa na mikimbio 166 tu. Katika kriketi ya ova 50 hiyo ni akiba ndogo, na waliokuwa wakisubiri zamu yao ni West Indies, mabingwa wa dunia wa mwaka 1975 na 1979, timu ya Brian Lara na nahodha Richie Richardson. Kenya ilikuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kabla jua halijazama West Indies wote walikuwa wametolewa kwa mikimbio 93.

Matokeo hayo yamesimuliwa sana. Namna yalivyopatikana imesimuliwa kidogo, na hiyo ndiyo inayomfaa kijana wa Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, ambaye ameona kriketi kwenye simu na sasa anataka kuwa mrushaji wa kasi. Mchezo huu ulifuata bendera ya Mwingereza. Uliingia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ukakomea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huku Maniema kila uwanda tulionao una magoli mawili. Lakini mambo yanasogea. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, ikiwa na mrushaji wa kasi Juma Miyagi, aliyekulia Naguru, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala. Kriketi inarudi pia kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Sioni kwa nini kijana wetu angoje uwanja ujengwe ndipo aanze kuutengeneza mwili wake.

Kwa asiyeujua mchezo: mpigaji husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mrushaji huja mbio kutoka upande wa pili na kuachia mpira, ambao kwa kawaida hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Toka vijiti hivi hadi vile vya upande wa pili ni mita 20.12. Mipira sita ni ova moja. Mikimbio ndiyo alama za timu, na kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja; mpira ukipiga vijiti vyake, ametoka. Na hapa ndipo wengi wetu, tuliokua tukiangusha maembe kwa mawe, tunapokosea mwanzoni: mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko hakiruhusiwi kunyooka zaidi ya digrii 15 kabla mpira haujaachiwa. Nguvu ya kiwiko imefungwa na sheria. Kasi lazima itafutwe kwingine mwilini.

Turudi Pune. Mpigaji bora wa Kenya siku ile, Steve Tikolo, alipata mikimbio 29. Lakini mikimbio 37 Kenya ilipewa bure, na sehemu kubwa ilitokana na mipira iliyopotea mbali na mpigaji na ile iliyorushwa mguu ukiwa umevuka mstari. Miongoni mwa waliokuwa wakirusha ni Curtly Ambrose, Courtney Walsh na Ian Bishop, majina yaliyowanyima usingizi wapigaji wa dunia nzima. Kasi walikuwa nayo. Kenya nayo ilipokuja kurusha, ilitoa bure mikimbio 17.

Rajab Ali na Martin Suji, waliofungua urushaji wa Kenya, hawakuwa watu wa kasi ya kutisha. Suji alimtoa Sherwin Campbell kwa kumpiga vijiti. Rajab Ali alimpiga vijiti Richardson akiwa na mikimbio 5. Kisha Lara, aliyekuwa ameshika rekodi kubwa za upigaji wakati ule, alifika 8 tu. Mpira wa Rajab Ali uligusa gongo lake ukaishia mikononi mwa mlinda wiketi Tariq Iqbal. Suji alirusha ova 7 akatoa mikimbio 16. Rajab Ali alirusha ova 7 na mipira miwili akatoa 17, na wiketi ya mwisho ilikuwa yake, vijiti tena. Hesabu vizuri: wiketi nne za warushaji hawa wawili, tatu zimepigwa vijiti na moja imegusa ukingo wa gongo. Mpira ulikuwa unakwenda kwenye vijiti au pembeni kidogo tu ya kijiti cha nje, tena na tena, na mpigaji hakupata pa kupumulia. Katikati ya mchezo Maurice Odumbe aliingia na mipira yake ya polepole yenye kuzunguka, akachukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Aliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamebanwa.

Unyoofu wa namna hiyo hautoki mkononi. Unaanza kwenye hatua za mbio. Mrushaji anayefika mstarini leo kwa mguu mmoja na kesho kwa mwingine atalazimika kurefusha au kufupisha hatua ya mwisho, na hatua ya mwisho ikiharibika kila kitu kinachofuata kinaharibika nayo. Kwa hiyo pima mbio zako. Simama kwenye mstari wa kurushia, geuza mgongo kwa vijiti, kimbia kuelekea unakotokea kwa mwendo wako wa kawaida mpaka mwili wenyewe utake kurusha, na rafiki aweke alama pale mguu wa mbele ulipotua. Rudia mara kadhaa. Alama zikishakaribiana, katikati yake ndipo mbio zako zinapoanzia. Zoezi hili halihitaji hata mpira. Uwanda wa shule unatosha, au barabara asubuhi kabla baiskeli hazijaanza kupita.

Kinachofuata ni mguu wa nyuma, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Mguu huo ukitua, nyonga na mabega vinatakiwa kuangalia upande mmoja. Wapo wanaotua ubavu ukiwa umeelekea kwa mpigaji, wapo wanaotua kifua kikimwangalia, na wote wanaweza kufika mbali. Hatari ni kuchanganya: nyonga zimeelekea mbele huku mabega yamegeuzwa pembeni. Kiuno kinasokotwa wakati uleule mwili unapoinama kando na kubeba kishindo, na baada ya miezi mifupa ya chini ya uti wa mgongo inapata nyufa. Dennis Lillee wa Australia alipata nyufa hizo mwaka 1973 na ikabidi avae plasta mwilini. Aliurekebisha urushaji wake, akarudi, akastaafu na wiketi 355 za mechi za kimataifa za siku tano, rekodi ya wakati wake. Yeye alikuwa na wataalamu wa kumsaidia. Kijana wa huku amwombe mwenzake amrekodi kwa simu kutoka nyuma na kutoka ubavuni, halafu waitazame video polepole.

Kisha mguu wa mbele. Unatua kwa kisigino, goti limekaza, na mwili mzima unapita juu yake. Goti likilegea, kasi iliyokusanywa kwenye mbio inamwagikia ardhini. Likikaza, inapanda kwenye nyonga, kifua, bega, na mwishowe vidole. Ndiyo maana nasema mkono ni wa mwisho kufundishwa: upite karibu na sikio, kiganja kikae nyuma ya mpira, vidole viwili viwe juu ya mshono. Mpira halisi una uzito wa gramu 156 hadi 163. Usipopatikana, fanya kama vijana wa Karachi: mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme.

Kishindo cha kutua kwa mguu wa mbele peke yake kinaweza kuzidi uzito wa mwili mara tano. Vijana wanaosukuma baiskeli za mchele na mafuta ya mawese kati ya Kabambare na Kasongo wana mapaja na pumzi ambazo klabu nyingi za mjini zingezitamani, lakini kazi ile inafanywa mgongo umeinama na miguu yote miwili ikisukuma. Kutua ni jambo jingine. Kwa hiyo kijana aruke kwa mguu mmoja na kutulia bila kuyumba, achuchumae kwa mguu mmoja, ajiegemeze kwenye viwiko tumbo likiwa limekazwa, kisha akimbie mbio fupi za nguvu zenye mapumziko kati yake. Kukimbia kilomita nyingi kwa mwendo wa pole kunamjenga kidogo sana mtu anayetaka kasi. Mifupa nayo inataka chakula chake: dagaa wanaoliwa na miba yao, sombe, maharage, karanga.

Mipira ihesabiwe. Mwongozo wa Uingereza kwa warushaji wa kasi wa hadi miaka 13 ulikuwa ova 5 kwa mfululizo na 10 kwa siku. Kwa wa miaka 14 na 15, ova 6 na 12. Ova zinazorushwa mazoezini zihesabiwe vilevile. Na kijana akianza kuumwa kiunoni upande mmoja, hasa upande wa pili wa mkono anaorushia, na maumivu yakazidi anapoinama kinyumenyume, aache kurusha siku hiyohiyo na aende hospitali. Ufa wa namna hiyo hupona kwa miezi ya kupumzika, na ukigunduliwa mapema miezi hiyo hupungua.